Kifungo Kirefu na Haki ya Aliyedhulumiwa

Gereza halikuzaliwa na jamii zetu za jadi. Usukumani, ukoo wa muuaji uliulipa ukoo wa marehemu ng'ombe; lengo lilikuwa kuziba pengo na kuzuia kisasi. Lakini tusiipambe enzi hiyo: asiye na mifugo wala ndugu alikuwa mashakani, na aliyetuhumiwa uchawi aliweza kuuawa.

Mkoloni wa Kijerumani alileta mnyororo na kiboko, ile "hamsa ishirini" waliyoikumbuka wazee wetu. Mfungwa akawa nguvukazi ya bure. Mwingereza aliyemfuata aliendeleza magereza, nasi tukayarithi.

Baada ya Uhuru tulichanganya yote mawili. Sheria ya 1963 ya adhabu za chini iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia, 12 kabla ya kutoka. Sheria ya 1972 iliviondoa viboko. Mwaka 1989 vilirudishwa, na unyang'anyi wa kutumia silaha ukapewa miaka 30.

Sasa tujiulize: mkulima aliyenyang'anywa anapata nini katika miaka hiyo 30? Usalama, ndiyo, na hilo si dogo. Mali yake hairudi, na kodi yake humlisha aliyemdhulumu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ilifungua mlango, ila kwa vifungo visivyozidi miaka 3. Mahakama yaweza kuamuru fidia. Lakini aliyefungiwa ndani mpaka uzee atailipa kwa jembe la nani?