Daftari la Pamba na Sheria ya Hataza

Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ni mji wa pamba, na historia ya pamba Usukumani ni historia ya daftari pia. Kabla ya uhuru, aliyeshika mizani ya mnunuzi ndiye aliyeshika kalamu. Manung'uniko ya kupunjwa uzito yaliwafanya wakulima waungane, na mwaka 1955 ushirika wao, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, ukazaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mizani ilihamia kwa wakulima wenyewe, lakini daftari likabaki moja, kwa karani mmoja, na baadaye lawama za zamani zikaelekezwa kwa vyama vyenyewe. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Kilimo hai kikaongeza haja ya kumbukumbu: mradi wa bioRe, ulioanza Meatu mwaka 1994, unadai pamba ijulikane imetoka shamba gani, isije ikachanganyika na iliyopuliziwa sumu.

Blokucheni ni daftari ambalo nakala zake hukaa kwa watu wengi, na kila ukurasa hubeba alama iliyokokotolewa kutoka ukurasa uliotangulia. Tarakimu moja ikifutwa, alama hazilingani tena na wote wanaona. Ni rahisi kuelewa kwa nini wazo hili linavutia mahali ambapo kilo za pamba zimegombaniwa kwa vizazi. Swali la kisheria ni kama aliyebuni mfumo wa namna hiyo anaweza kupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kuutumia kwa muda maalumu.

Wakati wa Waingereza, Tanganyika haikuchunguza uvumbuzi wowote. Hataza ilitolewa London, kisha ikasajiliwa Dar es Salaam. Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 ndiyo iliyoweka mlango wa nyumbani, ambao leo unasimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Sheria hiyo inautambua uvumbuzi kuwa ni ufumbuzi wa tatizo mahususi katika nyanja ya teknolojia. Lazima uwe mpya, usiwe wa wazi kwa fundi mjuzi wa kazi hiyo, na uweze kutumika viwandani. Inaacha nje nadharia za kihisabati, kanuni na mbinu za kufanya biashara, na uwasilishaji mtupu wa taarifa. Ilitungwa miaka 21 kabla ya andiko la Satoshi Nakamoto la mwaka 2008 lililoieleza bitcoin, sarafu ya kidijitali inayoendeshwa kwa blokucheni, lakini maneno hayo yanaigusa blokucheni moja kwa moja: kokotoo la alama ni hisabati, na utaratibu wa kumlipa mkulima ni biashara.

Njia ya pili ni ARIPO, shirika la kikanda lenye makao Harare, ambako mwombaji huitaja Tanzania katika ombi moja la nchi kadhaa. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, kama ilivyorekebishwa, inazitaja pia programu za kompyuta miongoni mwa yasiyo uvumbuzi, lakini pale tu zinapoombewa zikiwa programu tupu. Ulaya ina kanuni kama hiyo, na tangu uamuzi wa Comvik wa mwaka 2002 wachunguzi wake huamua kama uvumbuzi si wa wazi kwa kuangalia mchango wa kifundi peke yake, bila kuhesabu ujanja wa kibiashara. Marekani, iliyokuwa imefungua mlango mpana, iliubana mwaka 2014 katika kesi ya Alice: Mahakama ya Juu ilisema kuhamishia mpango wa kawaida wa biashara kwenye kompyuta hakuufanyi kuwa uvumbuzi.

Mengi ya msingi wa blokucheni yaliwahi kupewa hataza. Ralph Merkle alipata ya Marekani mwaka 1982 kwa mti wa alama unaobeba jina lake. Stuart Haber na Scott Stornetta, ambao andiko la Nakamoto linawataja, walipata zao miaka ya 1990 kwa njia ya kuthibitisha tarehe ya waraka. Muda wa ile ya Merkle ulikwisha kabla ya bitcoin kuanza mwaka 2009, na kilichokwisha kuchapishwa hakiwezi kuombewa tena kama kitu kipya.

Kwa pamba ya Meatu, basi, daftari la pamoja la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, halistahili hataza hata likipambwa kwa jina la blokucheni. Mizani inayotia saini uzito ndani yake yenyewe, ikahifadhi kumbukumbu mtandao ukikatika na kuzilinganisha ukirudi, ina hoja ya kifundi ya kuwekwa mbele ya mchunguzi. Maandishi ya programu yake yanalindwa kwa njia nyingine, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Hataza ya Marekani ambayo haikuombewa ulinzi Tanzania haimzuii fundi wa Mwanhuzi kutumia maarifa yaliyomo, na iliyosajiliwa BRELA inaishia Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008.