Goma: historia ya mji unaolishwa kupitia milango minne

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, imejengwa juu ya mawe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka mwaka 1977, ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu Januari 2002, kisha ikarudi Mei 2021 na kusimama Buhene, kwenye ukingo wa mji. Penye lava changa jembe halizami. Kwa hiyo watu zaidi ya milioni moja wanakula kinachotoka kwingine, na kinaingia kwa milango minne. Kaskazini, barabara ya Rutshuru huleta maharagwe pamoja na viazi na kabichi za Kibumba. Magharibi, kupitia Sake, huja maziwa na jibini za Masisi. Ziwani, mashua za Minova, Kalehe na Idjwi hushusha mihogo, ndizi na nanasi kwenye soko la Kituku. Mashariki upo mpaka wa Gisenyi, mji ambao siku hizi Rwanda inauita Rubavu.

Tangu enzi za mkoloni, mvutano wa chakula hapa umehusu mambo mawili: nani ameshika funguo za milango hiyo, na hasara inamwangukia nani inapofungwa.

Funguo za kwanza zilikuwa ardhi. Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyowagawia walowezi mashamba, na kuanzia 1937 maelfu ya watu walihamishwa kutoka Rwanda kuja kufanya kazi Masisi na kwingineko. Uhuru haukurudisha ardhi kwa mkulima. Sheria ya Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya dola, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu akatangaza kunyang'anya wageni mali zao. Mashamba makubwa yakaishia kwa waliokuwa karibu na wakubwa, na sehemu kubwa ya milima ya Masisi ikabaki malisho ya ng'ombe wao. Jibini ya Goma, inayopendwa hadi Kinshasa, inatoka kwenye milima hiyohiyo ambako jirani wa ranchi anabanana na wanawe kwenye kipande cha mteremko.

Ziwa lilikwenda njia nyingine. Ziwa Kivu limejaa gesi, na maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo samaki hukaa juu tu. Wale wa asili walikaa karibu na ufuo, na maji ya katikati yakawa kama shamba lisilolimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mbelgiji mmoja aitwaye Collart alileta vifaranga vya aina mbili za dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja ilipotea, nyingine ikashika: ndiyo sambaza. Kuanzia 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuwa Gisenyi ulisaidia kueneza uvuvi wa taa.

Uvuvi huo unaendelea. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukiwa katikati, na jua likizama wavuvi hutoka wakiimba ili makasia yaende pamoja. Taa huwashwa, sambaza hupanda kuufuata mwanga, wavu huvutwa. Usiku wa mbalamwezi pato hupungua, kwa kuwa samaki hutawanyika. Alfajiri akina mama huwa wanangoja ufuoni, na mara nyingi biashara ni mali kauli: samaki asubuhi, pesa jioni. Sambaza hahitaji ranchi wala hatimiliki, na huuzwa kwa fungu dogo ambalo hata mwenye kipato cha siku analimudu. Katika vyakula vyote vya Goma, huyu ndiye aliyewakaribia maskini zaidi.

Mpakani, ushirikiano ulianza kwenye karatasi. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya CEPGL, makao yake yakiwa Gisenyi. Waliouishi ushirikiano huo kila siku ni wanawake wanaovuka kwenye kituo cha mpaka cha Petite Barrière na nyanya, mboga, unga na mayai, wengine mara kadhaa kwa siku. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2011 ilieleza wanavyokamuliwa rushwa na kunyanyaswa njiani.

Machi 2020 korona ikafunga mpaka kwa wanaovuka kwa miguu. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini mwenye beseni moja la nyanya hakodi lori. Vyama vya wafanyabiashara wadogo vikaanza kununua pamoja. Kila mwanachama alitoa pesa yake, orodha ikaandikwa, mjumbe akaagiza kwa simu kwa wenzao wa ng'ambo, lori moja likavuka kwa niaba ya wote, kisha mzigo ukagawanywa kwa kufuata orodha. Mfumo huo uliokoa biashara nyingi, ila si zote. Aliyekuwa akinunua asubuhi kwa pesa ya jana hakuweza kungojea lori, na wengi walikula mtaji wao.

Kisha vita vikafunga milango mingine. Mwanzoni mwa 2024 mapigano karibu na Sake yaliziba barabara za Masisi na Minova, mizigo na abiria wakahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na Kituku na kuua watu wengi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji, benki zikafunga milango, noti zikawa adimu. Waliokuwa na chama cha akiba au likelemba, yaani mchango wa kupokezana, mtaani walikuwa angalau na watu wa kuombana deni.

Vyama ni vingi katika mkoa huu wa Kivu Kaskazini. Mashirika ya wakulima SYDIP na LOFEPACO, yenye mizizi Butembo, yamewafundisha wakulima kujadili bei kwa pamoja, maana anayeuza peke yake shambani hupangiwa bei na mwenye lori. Lakini mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika mikoa miwili ya Kivu, vya jeshi, vya waasi na vya watumishi wa dola. Gunia la viazi hulipiwa kwenye kila kizuizi, na malipo hayo hukatwa kwenye bei ya mkulima au huongezwa kwenye sufuria ya mlaji.

Chama cha wanawake kinaweza kugawana hasara hiyo, hakiwezi kuifuta. Miradi inayokuja Goma kuunda vikundi vipya inarudia kazi ambayo akina mama wa Kituku na Petite Barrière wameshaifanya. Wanachohitaji zaidi ni kiti mezani pale ushuru na vizuizi vinapojadiliwa, maana huko ndiko pesa yao inakopotelea.