Mnara wa Kuchungia

Mnara wa ulinzi: ndivyo tunavyouita kwa haraka mnara wa zege uliosalia Kieler Straße, Berlin, ulikopita ukuta uliougawa mji tangu 1961 hadi 1989. Neno *mnara* halina kosa. Asili yake ni Kiarabu, mahali pa nuru, na mabaharia wanalijua hivyo mpaka leo.

Shaka yangu ni *ulinzi*. Anayelinda humpa mgongo anayelindwa, macho yakamtazama ajaye. Askari wa Ujerumani Mashariki walimtazama raia wao asitoroke. Serikali yao iliuita ukuta ule kinga dhidi ya ufashisti. Tukisema ulinzi, tumewaitikia.

Wakulima wetu wana *dungu* na *ulingo*, majukwaa ya kuamia ndege. Ulingo umeshachukuliwa na wanamasumbwi, kisha wanasiasa. Dungu wamelipata marubani. Ningefurahi kulirudisha dungu ardhini, lakini hapa halifai. Anayeamia humfukuza anayeingia.

Anayemzuia anayetoka ni mchungaji. (Wa makanisani wanisamehe.) *Chunga* ni kuangalia mifugo isipotee, na mwenye kuchunga haulizi ng'ombe wanataka kwenda wapi. Kiswahili nacho kina kinyambuo cha kutajia kazi ya kifaa: kisu cha kukatia, jembe la kulimia. Basi, *mnara wa kuchungia*. Atakayesema neno linanuka zizi, namjibu: na linuke.

Na sasa kwa kuwa mnara umehifadhiwa, tuuiteje? *Gofu* hapana, haujabomoka. *Malikale* ni istilahi nzuri, inaikaa Kilwa Kisiwani sawasawa. Lakini ukuta huu ulianza mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na nani atauita uhuru wetu wa kale? Mazoea yatatuvuta kwenye *mnara wa kumbukumbu*, tuishie na kichekesho cha mnara uliogeuzwa mnara.

Mimi nachagua *ukumbusho*. Kumbukumbu yaweza kukaa kimya kichwani mwa mwenyewe; ukumbusho una ile *-sh-* ya kusababisha, lazima awepo anayekumbusha. Hapa alikuwepo: Jürgen Litfin, aliyeufungua mnara kwa umma mwaka 2003 kwa ajili ya kaka yake Günter, aliyepigwa risasi majini tarehe 24 Agosti 1961 akiogelea kwenda Magharibi.

Kibao cha Kiswahili kikihitajika, ningeandika: *Mnara wa Kuchungia. Ukumbusho wa Günter Litfin.* Neno *mpaka* ningeliacha. Ni ndugu wa *kupakana*, na ile *-na* hudai wawili waliokubaliana.