Neno 'Negro' na Utetezi wa Mashabiki wa Liverpool, 2011–2012

Tarehe 15 Oktoba, 2011, timu za Liverpool na Manchester United zilikutana katika uwanja wa Anfield na kutoka sare, bao 1 kwa 1. Mabao yenyewe hayana nafasi kubwa katika historia ya mchezo huo. Kilichodumu ni ugomvi wa maneno uliozuka mbele ya goli, kona ikisubiriwa kupigwa, baina ya Luis Suárez, mshambulizi wa Liverpool mzaliwa wa Uruguay, na Patrice Evra, nahodha wa Manchester United siku ile, Mfaransa aliyezaliwa Dakar nchini Senegal. Wawili hao waligombana kwa Kihispania. Evra ndiye aliyeanza kutukana, kwa tusi la nguoni lililomtaja dada wa mwenziwe, na jambo hilo hakulikana. Katika kujibizana Suárez alitumia neno 'negro', ambalo kwa Kihispania ni jina la rangi nyeusi. Alilitumia mara ngapi, na kwa nia gani, ndiyo maswali yaliyozaa kesi.

Chama cha Kandanda cha Uingereza kiliunda jopo huru la watu 3, likiongozwa na wakili Paul Goulding. Tarehe 20 Desemba jopo lilimtia Suárez hatiani, likampiga marufuku ya mechi 8 na kumtoza faini ya pauni 40,000. Maelezo ya hukumu hiyo, kurasa 115, yalichapishwa siku ya mwisho ya mwaka. Lakini utetezi haukungoja kurasa hizo. Jioni ya tarehe 21 wachezaji wa Liverpool waliingia uwanja wa Wigan kupasha viungo moto wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya Suárez, na meneja wao, Kenny Dalglish, alivaa fulana hiyo pia. Mashabiki waliosafiri na timu waliliimba jina la mchezaji wao. Miongoni mwa waliovaa alikuwamo Glen Johnson, mchezaji mweusi, ambaye baadaye alisema wazi kwamba ni hiari yake kumuunga mkono amtakaye.

Utetezi wa mashabiki hao unawahusu wanafunzi wa lugha kwa sababu, tofauti na kelele za kawaida za viwanjani, ulijengwa juu ya hoja ya maana ya neno. Haukudai kwamba neno halikutamkwa. Suárez mwenyewe alikiri kulitamka mara moja. Ulidai kwamba kwa watu wa Uruguay na Argentina neno hilo ni la kawaida, hata la mapenzi, ambalo mke humwitia mumewe na rafiki humwitia rafiki bila kujali rangi ya ngozi; kwamba Waingereza walilisikia kwa masikio ya Kiingereza; na kwamba kumwadhibu mtu kwa kusema lugha ya kwao ni ubaguzi wa namna nyingine. Hoja hiyo iliongezewa mbili nyingine. Klabu ilitangaza kwamba babu yake Suárez alikuwa mtu mweusi, na ilisema pia kwamba Evra si shahidi wa kuaminika. Mashabiki walishikilia hasa kwamba Evra aliiambia televisheni ya Ufaransa kuwa neno lilitamkwa si chini ya mara 10, ilhali jopo liliridhika na mara 7.

Hoja ya lugha haikuwa ya uongo. Obdulio Varela, nahodha wa timu ya Uruguay iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1950, alijulikana nchini mwake kwa jina la heshima lenye maana ya Mkuu Mweusi, nalo lilitokana na neno hilihili. Mwaka 1916, katika mashindano ya kwanza ya mataifa ya Amerika ya Kusini, Uruguay iliwachezesha Isabelino Gradín na Juan Delgado, wote weusi; Chile iliyofungwa mabao 4 kwa 0 ikalalamika kwamba wenzao wamechezesha Waafrika. Wananchi wa Uruguay husimulia kisa hicho kwa fahari. Tena si ajabu neno kubadili sumu yake likivuka mpaka. Msemaji wa Kiswahili ana mfano wake mwenyewe: kafiri, lililotoka katika Kiarabu, pwani ya Afrika Mashariki ni neno la dini, neno la asili hiyohiyo likawa Afrika ya Kusini tusi la rangi, zito kiasi cha kumfikisha mtu mahakamani. Shabiki aliyesema kwamba maana haikai ndani ya sauti za neno alikuwa amesema kweli.

Alichokiacha ni nusu ya pili ya kanuni hiyo. Ikiwa maana haikai ndani ya neno, basi inakaa katika uhusiano wa wasemaji na katika tukio lenyewe, na hapo ndipo pa kuitafutia. Hili ni jambo ambalo jamii za Afrika Mashariki zimelipa sheria zake za kale. Mtani huweza kumkejeli mfiwa mazikoni, huweza hata kuzuia shughuli mpaka apewe kitu, wala hakuna anayekasirika; lakini leseni hiyo ni ya mtani, na utani una nasaba au ujirani unaojulikana na pande zote mbili. Kejeli ileile ikitoka kwa mtu baki, katikati ya ugomvi, ni tusi, na hakuna mzee wa baraza atakayekubali udhuru kwamba kwao husemwa hivyo. Hata katika kandanda, Simba na Yanga za Dar es Salaam huitana watani wa jadi kwa kufuata desturi hiyo. Suárez na Evra hawakuwa watani. Walikuwa wapinzani waliokwisha kutukanana, na Suárez alikuwa amemfinya mwenzake ngozi ya mkono.

Wataalamu wawili wa mambo ya Amerika ya Kusini kutoka Chuo Kikuu cha Manchester, Peter Wade na James Scorer, waliulizwa na jopo swali hilohilo. Jibu lao halikuwa la kuipendelea Uingereza. Walikubali kwamba neno linaweza kuwa la upole. Walisema kwamba, kama Suárez alilitumia namna alivyoeleza yeye, lisingekuwa tusi kwa kawaida ya Uruguay. Lakini walisema pia kwamba, kama alilitumia namna alivyoeleza Evra, yaani kama sababu ya kumpiga teke na kama sababu ya kutosema naye, basi lingehesabiwa tusi la ubaguzi huko Uruguay kwenyewe, kwa lahaja ya Uruguay, na kwa masikio ya Kiuruguay. Swali likabaki moja tu: ni nani aliyesimulia kweli? Jopo liliona kwamba simulizi la Suárez liligongana na picha za televisheni na hata lenyewe kwa lenyewe. Damien Comolli, mkurugenzi wa kandanda wa klabu, alipokwenda kumweleza mwamuzi baada ya mechi, alitoa maneno yaliyokaribia zaidi simulizi la Evra kuliko lile ambalo Suárez alikuja kulishikilia. Jopo halikusema kwamba Suárez ni mbaguzi kwa tabia. Evra naye alisema hadhani kwamba yu hivyo. Lilihukumu tendo.

Kwa nini basi ushahidi huo haukusikika Anfield? Jibu jepesi ni kwamba ushabiki hupofusha. Kwa mji wa Liverpool jibu hilo halitoshi, na lina dhuluma ndani yake. Tarehe 15 Aprili, 1989, mashabiki wa Liverpool walisongamana katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, na idadi ya waliokufa kwa majeraha ya siku hiyo hatimaye ikafikia 97. Siku 4 baadaye gazeti la The Sun liliwazulia waliookoka kwamba waliwaibia maiti. Polisi walibadilisha taarifa za mashahidi. Uwanja ule ulikuwa umeteuliwa na Chama cha Kandanda, chama hichohicho, bila ya kuwa na hati halali ya usalama. Mnamo Desemba 2011 ukweli huo ulikuwa bado haujakubaliwa na serikali. Ripoti ya jopo la Hillsborough ilitoka Septemba 2012, na baraza la wazee la mahakama likatamka mwaka 2016 kwamba watu wale waliuawa isivyo halali. Kwa hiyo shabiki wa Liverpool aliyeambiwa mwaka 2011 kwamba chama, magazeti na ripoti rasmi vimekubaliana, alikuwa na miaka 22 ya sababu za kutoamini. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa waliwahi kumsingizia yeye, basi na Evra amemsingizia Suárez. Evra hakuwa chama wala gazeti. Alikuwa mlalamikaji mmoja.

Gharama ya kosa hilo aliilipa yeye. Tarehe 28 Januari, 2012, aliporudi Anfield katika mechi ya kombe, alizomewa kila alipogusa mpira. Tarehe 11 Februari, Old Trafford, Suárez aliupita mkono wake bila kuushika. Kesho yake mchezaji na meneja wake waliomba radhi kwa tendo hilo, si kwa lile la Oktoba. Jambo hili lilitendeka katika mji ambao watu wake weusi ni wa kale kuliko klabu yenyewe, na ambao Howard Gayle, mtoto wa Toxteth, ndiye aliyekuwa mweusi wa kwanza kuichezea timu yake ya kwanza, tena mwaka 1980 tu, ilhali klabu ilianzishwa mwaka 1892.

Jinsi hoja ya lugha ilivyofungamana na jezi ilidhihirika miaka 9 baadaye. Tarehe 29 Novemba, 2020, Edinson Cavani, naye Mwuruguay, aliifungia Manchester United mabao 2 huko Southampton, kisha akamshukuru rafiki yake mtandaoni kwa kumwita 'negrito'. Aliadhibiwa mechi 3 na faini ya pauni 100,000. Akademia ya Lugha ya Uruguay ililalamika kwamba Waingereza hawajui Kihispania, na safari hii waliosimama kufafanua lahaja ya Mto Plata walikuwa watu wa Manchester. Kwa kipimo cha utani, Cavani alikuwa na hoja ambayo Suárez hakuwa nayo: alisema na rafiki, katika furaha, na rafiki huyo hakulalamika. Tofauti hiyo haikutajwa sana na upande wowote.

Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 2014, Suárez alishikilia kwamba alisingiziwa. Mnamo Oktoba 2019 Jamie Carragher, mmoja wa waliovaa fulana kule Wigan, alimwomba Evra radhi wakiwa wamekaa pamoja katika studio ya televisheni, akakiri kwamba zile fulana zilikuwa kosa kubwa. Baada ya hapo Evra alipokea barua ya kuombwa radhi kutoka kwa Peter Moore, mkurugenzi mtendaji wa Liverpool wakati huo, ambaye alijiunga na klabu mwaka 2017.