Insulini Bila Mkono wa Mgonjwa Ni Maji Tu

Historia ya insulini tumezoea kuisikia hivi. Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, Frederick Banting na Charles Best wanafanyia mbwa majaribio katika maabara ya Profesa Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, anadungwa dawa yao kwa mara ya kwanza. Haimsaidii sana, bado ni chafu. James Collip anaisafisha, tarehe 23 wanamdunga tena, na sukari inashuka. Mwaka uliofuata Banting na Macleod wanapewa Tuzo ya Nobel. Makofi, hadithi imeisha.

Mimi nasema hapo ndipo inaanza. Insulini haiponyi kisukari. Sisi wa aina ya kwanza, ambao kongosho limeacha kuitengeneza, tunaihitaji kila siku ya maisha. Sasa niambie, ni hospitali gani itakulaza miaka hamsini ili daktari akudunge asubuhi na jioni? Lazima sindano ingetoka mkononi mwa daktari na kuingia mkononi mwa mgonjwa. Hayo ndiyo mapinduzi ambayo hakuna mtu huyapigia makofi.

Angalia Elizabeth Hughes, binti wa waziri mkubwa wa Marekani. Kabla ya insulini, tiba ilikuwa kunyimwa chakula ili uishi siku mbili tatu zaidi. Alipofika kwa Banting Agosti 1922, msichana wa miaka kama 15, alikuwa na kilo 20 hivi. Uzito wa mtoto wa nasari, bana! Akapata dawa, na akajifunza kujidunga mwenyewe. Aliishi hadi 1981, baada ya sindano zaidi ya 40,000. Piga hesabu ni ngapi kati ya hizo alidungwa na daktari.

Kule Boston, daktari Elliott Joslin aliliona jambo hili mapema. Alitumia wauguzi kuwafundisha wagonjwa kupima, kula na kujidunga. London, Robert Lawrence, daktari ambaye mwenyewe aliokolewa na insulini mwaka wa 1923, aliandika kitabu kuhusu kuishi na kisukari, na mwaka wa 1934 yeye na mwandishi H.G. Wells wakaanzisha chama cha wenye ugonjwa huu. Na usidhani ilikuwa rahisi. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, unalichemsha jikoni. Sindano ikiwa butu unainoa kwa jiwe kama kisu. Kalamu ya insulini, hii ya kuzungusha namba na kubonyeza, ilikuja 1985.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Mwaka wa 1901 daktari Albert Cook wa Mengo, Uganda, aliandika kwamba kisukari ni nadra na kinaua sana. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari wa wakoloni waliendelea kuamini kwamba Mwafrika hapati sukari. Maoni yangu: ugonjwa unaoua mtoto kwa wiki chache, kijijini, bila kipimo, lazima utaonekana nadra. Walioupata walizikwa wakiitwa wamerogwa ama wamepatwa na malaria.

Mimi nilipatikana nao nikiwa na miaka 16, hapa Ainabkoi. Muuguzi alinifundisha kwa chungwa kwanza. Halafu akanipa sindano na kusema, "Sasa ni wewe." Nilitetemeka. Finya ngozi ya tumbo kidogo, ingiza, sukuma polepole, hesabu hadi kumi, toa. Kesho badilisha mahali, kwa sababu ukidunga palepale kila siku panavimba uvimbe na dawa haiingii vizuri. Nyumbani hatuna friji, lakini watu wa Ainabkoi mnajua baridi ya huku. Kogo aliniwekea chupa kwenye chungu pembeni mwa nyumba, akawa anairudisha ndani usiku wa barafu, maana insulini ikiganda imeharibika.

Shida ilianza nilipoenda shule ya bweni, ambayo sitaitaja. Sheria ilikuwa dawa zote zikae kwa metroni. Chai saa kumi na mbili unusu, ofisi inafunguliwa saa mbili. Kwa hivyo nilichagua kila asubuhi: nile bila insulini, au nikae njaa nikiwatazama wenzangu. Elizabeth Hughes aliaminiwa na sindano yake mwaka wa 1922. Mimi, karibu miaka mia moja baadaye, nilionekana mtoto ambaye akiachiwa sindano ataleta mambo ya madawa ya kulevya.

Msiniambie ati watu wa mashambani hawawezi kuaminiwa. AMPATH, ushirikiano uliotokana na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, walijaribu kinyume chake. Wagonjwa wanaotumia insulini walipewa mashine za kupima sukari nyumbani, wakawa wanapigiwa simu kila wiki, wanasoma namba zao na kuelekezwa kurekebisha dozi. Mkulima wa mahindi na simu ya kubonyeza. Iliwezekana.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mwalimu mkuu, mwanafunzi aliyefundishwa kujidunga mwachie sindano yake, na glukosi mfukoni sukari ikishuka. Mzazi, usimdunge mtoto hadi amalize shule; mfundishe akiwa nawe, ukimwangalia. Na wewe ukimwona mtu ndani ya matatu ya Eldoret akiinua shati na kujichoma tumboni, usigeuze uso. Huyo anakula chakula chake cha mchana, anaanza na dawa.