Nikiacha Kulipa, Kinabaki Nini?

Katika vijiji vya Lushoto unaweza kujua nyumba inalipia kampuni gani kabla hujapiga hodi. Dishi lililolala zaidi, linalotazama angani kama beseni la kukinga mvua, ni la DStv. Setilaiti yao iko nyuzi 36 mashariki, na longitudo hiyo kwetu Tanzania ni karibu utosini. Dishi lililosimama na kugeukia magharibi ni la Azam, kwa sababu setilaiti yao iko nyuzi 7 mashariki, juu ya bahari ya upande wa pili wa Afrika, karibu na kisiwa cha São Tomé. Zote ziko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Kwenye kimo hicho chombo huzunguka dunia kwa mwendo uleule ambao dunia yenyewe inajizungusha, hivyo ukikitazama kutoka chini ni kama kimesimama. Mwandishi Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945 jinsi mpango huo ungeweza kutumika kwa mawasiliano. Miaka themanini baadaye, wazo lake limepigiliwa misumari kwenye kuta za matofali ya kuchoma, jirani na mabanda ya kuku.

Kwenye nyumba ya babu yangu hapakuwa na dishi wala antena hadi mwaka jana. Babu amezaliwa 1946. Mpira alikuwa akiutazama kwenye kibanda umiza, chini bondeni, kwa kulipa kiingilio kama kijana yeyote. Lakini baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho aliambiwa asitembee usiku, na njia ya kupanda kutoka bondeni wakati wa mvua huteleza hata kwa mwenye macho mazima. Shangazi akafungua kundi la WhatsApp la mchango. Pesa ya televisheni ilipatikana ndani ya wiki moja. Ugomvi ukaanzia kwenye king'amuzi.

Mjomba anayeishi Dar es Salaam alitaka DStv, kwa sababu huwezi kumweka mzee gizani wakati Ligi Kuu ya Uingereza inaendelea. Shangazi alitaka Azam kwa ajili ya tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Binamu mmoja alisema tununue king'amuzi cha antena, bei ndogo, mambo yaishe. Mimi nasoma shahada ya umahiri ya historia, na katika ukoo wetu maana yake ni kwamba nina muda. Nikapewa kazi ya kuchunguza na kuamua.

Nilianza kwa kumpigia babu. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza anataka nini. Alitaja mambo matatu: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mechi za Coastal Union, na la tatu akalisema kama swali: "Sasa mjukuu wangu, siku nikiacha kulipa, kinabaki nini?"

Sijawahi kuulizwa swali la historia zuri kuliko hilo darasani.

Babu ni mtu wa redio. Mwaka 1973, akiwa na miaka 27, alikuwa katika kikundi cha kusikiliza cha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kuizunguka redio moja ya betri, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana nini kifanyike kijijini: kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wazima wapatao milioni 2. Babu bado anaonyesha mahali choo chao cha kwanza kilipochimbwa, ingawa sasa pameota mgomba. Redio ile haikuwa na kifurushi. Ilikula betri tu, na betri zilipoisha ulizianika juani zikapata nguvu ya siku mbili zaidi.

Televisheni ilikuwa jambo jingine. Zanzibar ilianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Tanzania Bara ilikataa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa ambayo wangeifaidi wachache wa mjini, ikizidi kupanua ufa kati yao na mkulima, huku redio ikiweza kumfikia kila mtu kwa gharama ndogo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini nchi moja ilikuwa na visiwa vinavyotazama picha za rangi na bara linalosikiliza.

Kizazi changu hupenda kuucheka uamuzi ule. Tunausimulia kama kichekesho cha ujamaa, pamoja na foleni za sukari. Lakini nikiwa na jedwali la bei za vifurushi mkononi niliusoma upya. Hoja ya Mwalimu ilikuwa ya kimahesabu: chombo hiki kitamfikia nani, na nani atalipa? Unaweza kulipinga jibu lake, na mimi nalipinga, kwa sababu serikali iliyojiamulia kwamba wananchi wasitazame ilikuwa pia inajiamulia wasisikie nini. Swali lenyewe ndilo lile la babu.

Milango ilifunguliwa baada ya Mwalimu kung'atuka mwaka 1985 na uchumi kulegezwa. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliruhusu watu binafsi kumiliki vituo, na mwaka 1994 ITV ikaingia hewani. Hivyo Bara, televisheni ya mfanyabiashara ilitangulia ya serikali. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye. Ukishanunua televisheni katika zama zile, kilichobaki ni antena na kijana wa kupanda juu ya paa kuizungusha huku watu ndani wakipiga kelele "hapohapo, usiguse!" Picha ilikuwa na chenga, lakini haikuwa na tarehe ya kuisha.

Tarehe ilikuja usiku wa Desemba 31, 2012. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, Dodoma na Tanga zikafuata mwezi uliofuata, kisha miji mingine. Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yalikuwa yameweka kikomo cha Juni 2015, na nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kuwahi. Tanzania ikawa ya kwanza kati yao kuanza kuzima. Sababu ya kitaalamu ilikuwa ya kweli, maana katika nafasi ileile ya masafa iliyotumiwa na chaneli moja ya analojia unaweza kupitisha chaneli nyingi za dijitali, na masafa yanayobaki yakatumika kwa intaneti ya simu. Lakini kwa mtu sebuleni maana yake ilikuwa moja: televisheni uliyonayo haitoshi tena. Kati ya ukuta na kioo kikaingia kisanduku.

Tukakipa jina zuri. King'amuzi, kitu kinachong'amua, kana kwamba kinaelewa jambo kwa niaba yetu. Wenye Kiswahili cha vitabu wanapendelea kisimbuzi. Pamoja nacho likaja neno kifurushi, ambalo zamani lilikuwa bahasha ya karanga au mzigo mdogo wa mama anayesafiri. Kampuni nazo zikachota maneno yetu kuvipa majina: Nyota, Mambo, Bomba, Shangwe. Kipo hata kilichoitwa Uhuru. Nilipomsomea babu orodha hiyo alicheka hadi akakohoa. "Uhuru nao una mwezi?" akauliza.

Sasa niseme nilivyochagua, kwa sababu kila hatua ilikuwa imeshaamuliwa nusu na historia hii.

King'amuzi cha antena kiliondolewa na mlima. Mawimbi ya minara ya ardhini husafiri karibu sambamba na ardhi, na kijiji cha babu kiko nyuma ya mgongo wa Usambara. Majirani wawili waliojaribu walipata chaneli mbili asubuhi na kioo cheusi jioni. Hilo linaumiza, kwa sababu ving'amuzi vya antena ndivyo vilivyopewa jukumu la kubeba chaneli za kitaifa ambazo mwananchi anapaswa kuzitazama bila malipo. Kanuni hiyo ni nzuri kwenye tambarare. Milimani hubaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo dishi. Hapa nikakutana na Agosti 2018, wakati mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozielekeza Azam, DStv na Zuku ziache kubeba chaneli za ndani zisizo za kulipia, kwa hoja kwamba leseni zao haziwaruhusu na kwamba mwananchi alikuwa akitozwa pesa kutazama kitu ambacho ni bure. Hoja ilimtetea mtazamaji. Matokeo yake yalikuwa mtazamaji aliyekwisha kununua dishi kuamka na kukuta chaneli alizozoea hazipo. Baadhi ya waliokuwa na uwezo walinunua king'amuzi cha pili. Ndiyo maana leo ukiingia sebule za Tanga mjini unaweza kukuta visanduku viwili vimepandana, kila kimoja na rimoti yake. Funzo nililochukua ni hili: usimnunulie mzee kwa kutazama orodha ya leo peke yake. Orodha hubadilishwa na watu ambao hawatampigia simu kumwambia.

Kati ya Azam na DStv, aliyeamua ni Coastal Union. Tangu mwaka 2013 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania zimekuwa mikononi mwa Azam, na mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Babu alikuwa kijana wa miaka 42 (kwa hesabu yake huo bado ni ujana) Coastal ilipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na anaamini litatokea tena. Mjomba aliposikia aliandika kwenye kundi, "Sasa sisi tukija Idd tutatazama nini?" Nadhani hapo ndipo wengi wetu hukosea tunapowanunulia wazee vitu. Tunanunua kwa ajili ya siku tatu ambazo sisi tutakuwepo, tunasahau siku 362 ambazo watakuwa peke yao na kile kitu.

Mengine yalikuwa ya fundi. Televisheni tuliyopata ni ya chogo, kwa hiyo nilihakikisha king'amuzi kina matundu ya waya zile tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Fundi alitaka kufunga dishi mbele ya nyumba ili lionekane. Upande huo kuna mkaratusi mrefu kuelekea magharibi, na dishi haliombi ruhusa kwa majani. Tulilipeleka nyuma, kwenye ukuta wa jiko. Tulikubaliana pia kwamba mvua kubwa ya masika itagandisha picha, kwani matone yenyewe hudhoofisha mawimbi ya masafa haya, na babu akaambiwa mapema asije akadhani ameharibu kitu. Namba za chaneli mbili anazozihitaji ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, kikaning'inizwa ukutani.

Lililobaki ndilo nililolitafakari kuliko yote: jina. Kadi ya king'amuzi husajiliwa kwa jina na namba ya simu ya mtu. Shangazi alipendekeza iwe namba yake, awe analipa yeye kila mwezi. Ni upendo, na hakuna anayebisha. Lakini fikiria mzee wa karibu miaka 80 ambaye kila siku ya thelathini kioo chake kinaandika kwamba muda umekwisha, naye inabidi apige simu Tanga kukumbusha. Mara ya kwanza ni ucheshi. Mara ya tano ni kuomba. Mtu aliyewachimbia watoto wake choo mwaka 1973 anageuzwa mwombaji na tarehe.

Tulisajili kwa kitambulisho chake na namba ya kitochi chake. Mchango wa wanafamilia unaingia kwenye simu yake kama pesa, siyo kama kifurushi, na yeye huamua. Miezi ya ligi hulipia. Ligi inapokwisha huacha, na pesa hiyo hununulia mbolea ya maharage yake au humpa jirani mgonjwa, hatumuulizi.

Kuhusu swali lake, nilimjibu kwa uaminifu wa mtu aliyesoma masharti hadi mwisho. Ukiacha kulipa, babu, kinabaki kile ambacho kampuni na mamlaka wamekubaliana kibaki kwa wakati huo, na wanaweza kukubaliana upya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema redio yake ataitunza, na nikija nimletee betri nne, zile kubwa.