Mitumba ya Safari: Kilichostahili Kubebwa Hadi Usukuma

Geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, mwendo mfupi kutoka Lamadi wilayani Busega. Hupita hapo magari ya wasafiri wanaotembea na malazi yao. Mengine yana godoro, jiko la gesi na dumu la maji, basi. Mengine yana friji, bafu, umeme wa sola na hema lililokunjwa juu ya paa. Lipi bora? Swali hili linaonekana kuwa la zama za injini, lakini nchi hii ya Usukuma, bonde la mto Simiyu na Ghuba ya Speke ilikwisha kulijibu zamani za miguu. Naamini jibu lake lingali na nguvu: safari haipimwi kwa wingi wala uchache wa vifaa, bali kwa msafiri kujua kipi njia itampa na kipi haitampa kamwe.

Tuanze na misafara miwili ya wageni. Tarehe 9 Julai 1858, John Hanning Speke aliondoka Kaze, jirani na Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton. Alichukua watu wachache, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, na mizigo michache. Baada ya siku 25, tarehe 3 Agosti, alikuwa Mwanza akilitazama Ziwa Victoria. Wepesi ulimfikisha upesi, na wepesi huohuo ukamkwamisha: hakuwa na chombo cha majini, na mitumbwi ya kumvusha hadi Ukerewe hakuipata. Aligeuka akiamini ameona chanzo cha Mto Nile, lakini ushahidi wa kuwanyamazisha wapinzani hakuwa nao. Henry Morton Stanley alifanya kinyume. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na watu zaidi ya 350, mizigo ya tani 8 hivi, na mashua Lady Alice iliyogawanywa vipande ili ibebeke. Mwezi Machi 1875 aliishusha majini Kagehyi, kwenye Ghuba ya Speke, na kwa muda wa miezi miwili hivi akalizunguka ziwa na kuonyesha kwamba ni ziwa moja, si maziwa kadhaa. Gharama, hata hivyo, ilikuwa kubwa mno. Msafara ulipoiacha njia iliyozoeleka huko Ugogo, haukukuta soko la kulisha umati ule. Njaa, maradhi, utoro na mapigano ya Ituru viliupunguza hata waliofika ziwani wakawa chini ya nusu ya walioondoka pwani.

Ipo hesabu ya tatu, ya Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe, nayo ndiyo iliyokomaa. Hawa walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu miongo kadhaa kabla ya Speke. Mtumba wa mpagazi ulifikia kilo 30 au zaidi. Juu yake aliongeza mkeka, chungu na akiba kidogo ya chakula. Hema halikuwamo. Jioni watu walikata miti na nyasi, wakajenga vibanda na kuzungushia boma la miiba, au wakaingia katika kambi iliyoachwa na waliotangulia. Posho waliinunua vijijini. Tena walikuwa na utani na makabila ya njiani, na mtani alikuwa na haki ya kudai chakula na wajibu wa kumzika mwenzake aliyefia ugenini. Utani ulifanya kazi ya ghala, ya bima na ya ndugu, na haukuhitaji bega la kuubeba.

Huenda mtu akasema kwamba huo haukuwa uchaguzi bali umaskini. Lakini mwenye pembe ya ndovu hakuwa maskini. Alichokwepa ni hesabu anayoijua. Kila mtumba wa ziada ulitaka mpagazi wa ziada, mpagazi alitaka posho, posho ilitaka nguo na shanga za kuinunulia, na nguo hizo zikawa mtumba mwingine. Mzigo ulizaa mzigo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wepesi nao uliua, kwa kuwa mpagazi aliyeshikwa na ndui au homa aliweza kuachwa njiani. Hilo ni kweli, wala nisingependa kuisifu safari isiyo na dawa. Ndiyo maana kwinini ilistahili kubebwa sawa na Lady Alice: njia ile haikuuza kwinini wala mashua. Ila wingi wa vifaa peke yake haukuwa kinga. Wenzake watatu wa Stanley kutoka Uingereza, ndugu wawili Edward na Frank Pocock pamoja na Frederick Barker, wote walifia safarini.

Tukirudi Ndabaka, kipimo ni kilekile. Udongo mweusi wa mbugani huwa tope la kunata wakati wa mvua, na gari zito ndilo huzama kwanza. Ndani ya hifadhi hakuna wa kukuuzia tairi ukiwa katikati ya nyika, hivyo tairi la akiba, kamba ya kuvutia, dawa na maji ya kutosha yana haki ya nafasi yake hata katika gari dogo. Anayekwenda siku nyingi mbali na watu ana sababu ya kuongeza. Lakini friji iliyojazwa Mwanza samaki na nyanya ambazo Lamadi zinauzwa ni uzito usio na kazi, na hasara yake haiishii kwenye matairi. Njia ya misafara ilikuwa na vyakula, vibanda na watani kwa sababu wapitaji walivihitaji, wakasimama, wakalipa, wakajulikana kwa majina. Gari lenye kila kitu laweza kuivuka Busega yote bila dereva wake kumsalimu mtu, na siku litakapokwama topeni, atakayeitwa kulisukuma ni mkazi ambaye halikuwahi kusimama mlangoni pake.